Sheikh Mbaruk wa Gazi: tumlilie nani?

Mtu ashukapo feri upande wa Likoni, akakiacha nyuma kisiwa cha Mvita na kelele zake, akashika njia ya kusini akapita Waa, Tiwi na Ukunda, hufika Gazi kabla ya kufika Msambweni. Mwendo wake ni kiasi cha kilomita 50. Leo Gazi ni kijiji cha wavuvi, chenye minazi na mikoko na nyumba moja kongwe iliyopata kutumiwa kuwa skuli. Mpita njia asiyejua hupita tu. Lakini sisi tuliozaliwa Likoni tulijua tangu utotoni kwamba njia ile ilikuwa njia ya Sheikh Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui, na kwamba jina lake lilikuwa likitajwa kwa sauti mbili. Walikuwako waliolitaja kwa kujivuna, na walikuwako waliolitaja wakatema mate.

Miaka ya sabini, baada ya sala ya Isha, wazee wa mtaa wetu walikuwa wakikaa barzani mwa nyumba ya babu yangu, birika la kahawa lipo juu ya makaa, na kashata katika sahani. Babu mzaa baba asili yake ilikuwa Takaungu. Bibi mzaa mama, aliyekuwa akikaa kwetu, alikuwa mtu wa Gazi, na yeye alisikiliza akiwa ndani, nyuma ya pazia. Usiku mmoja mzee mmoja alisimulia habari za vita vya Mbaruk. Alipofika pale mgeni alipobisha mlangoni Gazi, alinyamaza, akawauliza waliokaa: lau ni nyinyi, mgelimtoa mgeni wenu au mgelimficha? Barza ikagawanyika palepale. Wengine walisimama na Mbaruk, wengine wakasimama na waliompinga, na kahawa ikapoa. Mimi mtoto nilishangaa kuona wazee wenye ndevu nyeupe wakikasirishana kwa ajili ya watu waliokufa kitambo.

Miaka mingi baadaye nilikaa katika ukumbi mmoja huko Changamwe, nikatazama wanafunzi wakicheza mchezo wa Wayunani wa kale. Nilipotoka nilisikia watu wakibishana njiani kama walivyobishana wazee wetu. Ndipo nilipofahamu kuwa lile swali la barzani si la Likoni peke yake. Kwa sababu hiyo leo nataka kusimulia maisha ya Sheikh Mbaruk, lakini kwanza wasomaji waniwie radhi niupitie mchezo huo kwa ufupi, kwani una faida.

Mchezo wenyewe unaitwa Antigone, na aliyeutunga ni Sophocles wa mji wa Athens, kiasi cha mwaka 441 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Ndugu wawili waligombea ufalme wa mji wa Thebes. Mmoja aliulinda mji, wa pili aliuletea jeshi kutoka nje, na wote wawili wakauana langoni. Mjomba wao Creon akashika ufalme, akatoa amri kwamba yule mlinzi azikwe kwa heshima, na yule mshambuliaji aachwe juani aliwe na mbwa na ndege. Dada yao Antigone akakataa. Alitoka akamfunika nduguye kwa mchanga kwa mikono yake, akakamatwa, na hakukana. Akahukumiwa kufungiwa pangoni akiwa hai. Creon alipokuja kujuta, wakati ulikuwa umepita. Antigone alikwisha kujinyonga. Mchumba wake, naye ni mwana wa Creon, akajiua. Na mama wa kijana huyo, mkewe Creon, akajiua pia.

Mwislamu akiusikia mkasa huu, moyo wake mara moja huenda kwa Antigone. Kumzika maiti kwetu ni faradhi ya kifaya, na hata makureshi waliouawa Badr, waliotoka kuja kuuangamiza Uislamu, Mtume wetu (S.A.W.) hakuwaacha waliwe na ndege, bali aliamrisha wafukiwe kisimani. Lakini tazama vizuri. Creon naye hakuwa mwendawazimu. Mji ulikuwa umetoka vitani siku ileile, watu wamekufa, na yeye aliona kwamba mlinzi na mvamizi wakipewa heshima moja, kesho hakuna atakayeulinda mji. Wayunani waliokaa kwenye mteremko wa kilima wakitazama mchezo ule walikuwa watu wenye mji na wenye jeshi. Walijua uzito wa maneno ya Creon, na walijua pia uzito wa damu ya ndugu. Mtungaji hakuwasaidia kwa kumfanya mmoja malaika na mwingine shetani. Aliwaachia wote wawili, wakaumia nao wote.

Mchezo wa namna hii wataalamu wa Kiswahili wameuita tanzia. Aristotle aliandika kwamba kazi yake ni kuamsha huruma na hofu. Kitabu chake hicho kilitiwa katika Kiarabu na Abu Bishr Matta bin Yunus, aliyefariki mwaka 940, na baadaye kikashereheshwa na mwanachuoni wa Andalusi, Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198. Mabwana hawa hawakuwa na michezo ya jukwaani katika miji yao, kwa hivyo neno la tanzia walilifasiri kuwa ni madihi, yaani mashairi ya kusifu. Wako wanaowacheka kwa kosa hilo. Mimi siwacheki. Ibn Rushd alipotafuta mfano wa kisa chenye kuamsha huruma na hofu, alikitaja kisa cha Nabii Ibrahim alipoamrishwa kumchinja mwanawe. Hapo aliufikia moyo wenyewe wa jambo: mtu aliye baina ya haki mbili, na kila moja yamdai.

Sasa turudi Gazi.

Wamazrui walitawala Mombasa tangu karne ya kumi na nane. Walikuja kuwa maliwali wa maimamu wa Oman wa ukoo wa Yaarubi, na Albusaidi walipoushika utawala wa Oman, Wamazrui hawakukubali kuwa chini yao. Kwa muda wa karibu miaka mia moja Mombasa ilisimama na Ngome yake na mizinga yake. Walipoona nguvu za Sayyid Said bin Sultan zinawaelemea, waliomba himaya ya Wangereza, na mwaka 1824 bendera ya Kingereza ikapandishwa Mombasa na nahodha Owen. Kijana aliyewekwa kuiangalia, Luteni Reitz, alifariki mwaka huohuo, na jina lake mpaka leo liko Changamwe, katika Port Reitz. Himaya hiyo haikudumu. Mwaka 1826 Wangereza waliondoka. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwani ukoo uliokuja kupigwa na mizinga ya Wangereza ndio uliokuwa wa kwanza kuwakaribisha.

Mwaka 1837 Sayyid Said akaishika Mombasa. Liwali wa mwisho wa Kimazrui alikuwa Rashid bin Salim. Yeye na wakubwa wenzake walikamatwa wakapakiwa merikebuni wakapelekwa Bandar Abbas, wala hawakurudi tena. Rashid bin Salim ndiye baba wa Mbaruk. Kijana alikuwa angali mdogo siku hiyo. Alikua akijua kwamba babake hana kaburi linaloweza kuzuriwa na wanawe, na kwamba Ngome aliyozaliwa kuirithi ina bendera ya mtu mwingine.

Wamazrui waliosalia walitoka mjini wakagawanyika mikono miwili. Mmoja ulielekea kaskazini, ukakaa Takaungu, karibu na Kilifi. Mkono wa pili ulikuja kusini, ukakaa Gazi. Wa Takaungu walichagua njia ya utulivu. Walilima, wakafanya biashara, wakapatana na Zanzibar, na viongozi wao wakatambuliwa kuwa mawali wa Sayyid. Wa Gazi hawakusahau. Na uhusiano wa Mbaruk na jamaa zake wa Takaungu haukuwa mzuri siku zote. Ujanani mwake aligombana nao juu ya ukubwa, hata silaha zikatumika.

Mbaruk alipoushika uongozi wa Gazi, katika miaka ya 1860, alikuwa mtu wa kuogopwa. Alikuwa mwepesi wa kusafiri, msiri, mwenye kujua kila njia ya msituni baina ya pwani na nyika. Katika milima ya Shimba, ndani ya msitu mnene, alikuwa na boma lake la Mwele, limezungushwa miti mikubwa, na njia ya kulifikia ni nyembamba. Majeshi ya Zanzibar yakimjia Gazi, yeye hupanda Mwele. Yakimfuata Mwele, yeye hutoweka. Mwaka 1882 Lloyd Mathews, Mngereza aliyekuwa mkuu wa askari wa Sayyid Barghash, alilizingira boma lile kwa majuma kadhaa, na boma likaanguka. Lakini Mbaruk hakuonekana ndani. Baadaye Sayyid alimsamehe, akarudi Gazi kama kwamba hakuna lililotokea.

Pia alikuwa mtu wa siasa, na siasa yake haikuwa na haya. Wadachi walipofika pwani katikati ya miaka ya 1880, alipandisha bendera yao Gazi kwa muda, ili Sayyid wa Zanzibar ajue kwamba Mbaruk anaye rafiki mwingine. Kampuni ya Wangereza ilipokodi ukanda wa pwani kutoka kwa Sayyid mwaka 1888, Mbaruk alipatana nayo akapokea malipo yake ya kila mwezi. Watu wa Gazi wanaomfanya mpigania uhuru tangu siku ya kuzaliwa kwake, wanakisahau kifungu hiki. Kwa muda wa miaka sita au saba yule simba alikula kwenye sahani ya Kampuni.

Hapo ndipo tunapofika penye swali la barzani.

Mwezi wa Februari 1895 alifariki Salim bin Khamis, wali wa Takaungu. Walikuwako wawili wa kumrithi. Mmoja alikuwa mwanawe, Rashid bin Salim, kijana aliyepatana na Kampuni. Wa pili alikuwa mtoto wa nduguye, naye, ili kumtatiza msomaji, aliitwa Mbaruk bin Rashid pia. Nitamwita Mbaruk wa Takaungu. Huyu alikuwa mkubwa kwa umri, na kwa ada za ukoo yeye ndiye aliyestahiki. Kampuni ikamchagua Rashid. Ilikuwa Kampuni inayokufa, imekwisha kufilisika, iko mbioni kuikabidhi nchi kwa serikali ya Kingereza. Lakini ilikuwa bado na nguvu ya kumvika mtu kilemba.

Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz walikataa. Walitoka wakajitia katika misitu ya ndani na watu wao. Wangereza wakawafuata wakawapiga, nao wakakimbilia kusini. Wakapita nyuma ya Mombasa, wakafika Gazi, wakabisha katika mlango wa mzee.

Tumtazame mzee huyo usiku ule. Umri umekwenda. Ana nyumba, ana mashamba, ana malipo ya kila mwezi, ana wana na wajukuu. Walio mlangoni ni wa tawi lile lililokuwa likikorofishana naye tangu ujana wake. Akiwatoa, atabaki na kila kitu. Hakuna mtu katika serikali atakayemlaumu, atasifiwa. Akiwaingiza, ameitangazia vita dola ambayo manowari zake ziko bandarini Mombasa. Na tarehe 1 Julai 1895 dola hiyo ilikwisha kuichukua nchi mkononi mwa Kampuni. Balozi wake, Arthur Hardinge, alikuwa akitaka jibu moja tu: wageni watolewe au wafukuzwe.

Mbaruk alifanya alivyozoea kufanya miaka yote. Aliandika barua za heshima, akatoa udhuru, akavuta siku. Lakini wageni hakuwatoa. Wangereza walipoingia Gazi na askari, mzee na jamaa zake na wale wageni walikuwa wamekwisha kupanda Mwele.

Waliosimama na Mbaruk katika barza ya babu yangu hoja yao ilikuwa hii. Damu ni damu, na mgeni ni amana. Katika Sura ya Tawba Mwenyezi Mungu ameamrisha kwamba hata mshirikina akitaka kulindwa alindwe mpaka afikishwe mahali pa amani. Seuze Mwislamu, seuze mtoto wa ukoo. Na ni haki gani hiyo ya Kampuni ya wafanyabiashara kuwachagulia Waislamu mkubwa wao, ikamruka mstahiki ikamshika rafiki yake?

Waliompinga nao walikuwa na lao. Katika Sura ya Nisaa tumeamrishwa kuwatii wenye mamlaka, na mwenye mamlaka alikuwa Sayyid wa Zanzibar, ambaye kwa hiari yake au kwa kulazimishwa aliikodisha nchi. Rashid bin Salim hakupora. Alipewa kiti cha babake akakikalia, na kwa kukikalia aliwaokoa watu wa Takaungu na moto. Liwali wa Mombasa, Salim bin Khalfan, naye alisimama na serikali. Je, wote hao walikuwa wasaliti? Au waliona kwamba gobori halishindani na mzinga, na kwamba mkubwa wa watu kazi yake ni kuwafikisha watu wake asubuhi?

Tarehe 17 Agosti 1895 Admirali Harry Rawson alilipiga boma la Mwele. Alikuja na mabaharia na askari na mizinga, wakapanda milima katika joto la Agosti. Lloyd Mathews, aliyelijua boma lile tangu 1882, alikuwamo, akajeruhiwa. Boma lilivunjwa likatiwa moto. Mbaruk, kama desturi yake, hakuonekana ndani.

Baada ya hapo vita vilienea nchi nzima ya pwani. Khamis bin Kombo, mkubwa wa Mtwapa, alijiunga na waasi. Waasi walipiga huku wakatokea kule, mashamba yakachomwa, watu wakahama. Serikali ikaagiza askari kutoka Bara Hindi, wakafika mwezi wa Machi 1896. Mwezi uliofuata Mbaruk na wafuasi wake kwa mamia walivuka mpaka wa Wadachi, wakazitoa silaha zao mbele ya gavana Hermann von Wissmann. Haikuwapo tena njia ya msituni isiyojulikana.

Aliishi Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1910. Miaka kumi na minne alikaa mji wa ugenini, na Ngome ya baba zake hakuiona tena. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka hunistaajabisha. Mwezi wa Agosti 1896, miezi minne tu baada ya Mbaruk kuvuka mpaka, Rawson yuleyule aliipiga kasri ya Zanzibar kwa mizinga ili amtoe Khalid bin Barghash, aliyekikalia kiti cha Sayyid bila idhini ya Wangereza. Khalid naye alikimbilia kwa Wadachi, naye akapelekwa Dar es Salaam. Basi wakawa katika mji mmoja Mmazrui na Mbusaidi, mwana wa aliyepelekwa Bandar Abbas na mjukuu wa aliyempeleka, wote wawili wametolewa makwao na mkono mmoja. Sophocles asingepanga zaidi ya hapo.

Na Rashid bin Salim wa Takaungu alipata nini? Alibaki na kiti chake. Mwaka 1914 serikali ilitunga sheria ya kuwawekea Wamazrui wa Takaungu amana ya ardhi, na wa Gazi hawakupata mfano wake. Lakini ardhi ile ilikaliwa na watu wengi walioilima bila hati, na ugomvi wake ukaendelea mpaka sheria hiyo ikafutwa mwaka 1989. Hata aliyeshinda, ushindi wake ulizaa kesi.

Tukiishia hapa tutakuwa tumesimulia habari za mabwana tu, na barza ya babu ilikuwa na kosa hilo. Katika mchezo wa Wayunani kuna kundi la wazee wa mji wanaosimama pembeni wakisema na kuomboleza. Nasi tunao watu wetu wa pembeni. Wako Kisauni. Penye njia panda ya Kengeleni ingaliko kengele ya Freretown, mahali palipoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa majahazini. Wako Rabai, walikokimbilia watumwa wa mashamba ya Waarabu na Waswahili, wengi hata Kampuni ikalazimika kuwakomboa zaidi ya 1,400 kwa fedha mwanzo wa mwaka 1889. Wako Digo na Duruma, ambako wako waliopigana pamoja na Mbaruk kwa mapenzi, na wako ambao wazee wao walichukuliwa na watu wake katika miaka ya njaa. Kwa hawa mlango wa Gazi haukuwa mlango wa amana. Kuna masimulizi ya chumba kimoja katika nyumba ile, na moshi wa pilipili, ambayo mama huwasimulia wana kwa sauti ya chini. Mtu aliyewafungulia mlango watoto wa ukoo wake aliwafungia wengine.

Nilipokuwa kijana, jambo hili lilinifanya nimkatae Mbaruk kabisa. Nilisema kuwa mwenye watumwa hana haki ya kuliliwa. Sasa, nywele zikigeuka, naona nilitaka hadithi iwe nyepesi kuliko ilivyo. Kitendo cha usiku ule Gazi kilikuwa kitukufu, na aliyekifanya alikuwa na deni kubwa kwa watu wengine. Mawili haya hayafutani. Hali kadhalika Rashid wa Takaungu: alikubali kilemba kutoka mkono wa mgeni, na aliwaokoa watu wake. Hayo nayo hayafutani. Mwenye kutaka kumpenda mmoja mpaka amchukie mwingine, atalazimika kuificha nusu ya habari.

Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu tarikh ya ukoo wake, na kitabu hicho kikachapishwa pamoja na tafsiri ya Kingereza mwaka 1995. Ni vizuri vijana wetu wakisome. Lakini nawaomba wakisha kukisoma wavuke pia kwenda Kisauni, wasimame penye ile kengele, kisha washuke Likoni waende Gazi. Haya yote ni tarikh ya mji mmoja, na watu wa pande zote tatu leo hukaa katika matatu moja, huoana, na huzikana.

Nasema haya kwa sababu mchezo haujesha. Kila tunapogombea mirathi, kila tunapogombea uongozi wa msikiti au kiti cha baraza, utaona pande mbili, na kila upande una aya yake na mzee wake. Na watazamaji ni sisi. Mtazamaji aliyekwisha kuchagua kabla ya kusikiliza huongeza kuni. Mtazamaji anayeweza kuyaona machozi ya wote wawili, huyo huenda akapata neno la kuwasuluhisha, na hata asipolipata, angalau hatacheka maiti ikipita.

Usiku ule wa barzani babu yangu wa Takaungu hakusema neno. Wazee walipotawanyika alibaki peke yake, akizizima makaa. Nikaingia ndani, nikamkuta bibi yangu wa Gazi nyuma ya pazia anafuta macho kwa upindo wa leso. Nilidhani anamlilia Sheikh Mbaruk, nikamuuliza. Akanijibu kwamba anamlilia yule kijana wa Takaungu, Rashid bin Salim, aliyepewa kiti na watu ambao hakuweza kuwakatalia, akaishi miaka yake yote akijua yanayosemwa nyuma ya mgongo wake. Nikatoka nikamwambia babu. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kuwa yeye kila akisikia kisa hiki humwombea rehema yule mzee wa Gazi.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na wale ambao majina yao hayakuandikwa awarehemu zaidi. Amin.